Kitabu cha Kijana Huchaguliwa kwa Sikio: Mapendekezo ya Kusoma na Kusikiliza

Wazazi wengi wanaofika kwenye meza yangu ya ukutubi hapa Tanga huleta swali moja kwa maneno tofauti: mtoto anajua kusoma, lakini hasomi, nimpe nini? Kabla ya kutaja jina la kitabu chochote, huwaomba wachukue kile walichokuwa wakikifikiria, wakifungue ukurasa wa kwanza na kuusoma kwa sauti palepale. Ikiwa ulimi unajikwaa kila mstari, na msomaji mwenyewe hana hamu ya kufungua ukurasa wa pili, kitabu hicho hakitamfaa kijana hata kama jalada lake linavutia na kimepewa muhuri wa kufaa shuleni. Ikiwa sauti imepata mwendo wake, na mtu aliyesimama jirani amegeuza shingo kusikiliza, hapo tuna jambo la kuzungumza.

Sababu ya kipimo hiki imo katika namna watoto wetu wanavyojifunza kusoma. Kiswahili huandikwa karibu sana na kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyezishika silabi zake barabara anaweza, akiwa darasa la pili au la tatu, kutamka neno lolote utakalomwekea, hata lile asilolijua maana. Wepesi huu ni neema kubwa, lakini una mtego ndani yake. Mzazi humsikia mwanawe akitiririka na kuamini kwamba anasoma, ilhali mtoto anatamka tu: hajui pumzi ikatwe wapi, hajui ni nani anayesema katika mazungumzo, na akifika mwisho wa aya hana picha yoyote kichwani. Mtoto wa namna hii huitwa mvivu, nami sikubaliani na jina hilo. Anachokosa ni mfano wa hadithi inavyosikika inaposomwa na mtu anayeielewa, na mfano huo hupatikana kwa kusomewa.

Ndiyo maana siwezi kupendekeza vitabu vya kusoma bila kupendekeza na vya kusikiliza, na ndiyo maana hunisikitisha ninaposikia mwalimu akisema kwamba kitabu cha sauti ni njia ya mkato. Kwetu pwani fasihi iliingia kwa sikio muda mrefu kabla ya kuingia kwa jicho. Tenzi zilitungwa zighaniwe, na waliozihifadhi hawakuwa wote wenye kusoma. Baadaye Redio Tanzania ilikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, na watu wazima wengi ninaozungumza nao bado wanazikumbuka hadithi zake vizuri kuliko walizozisoma darasani. Kusikiliza kunamlisha mtoto msamiati, mpangilio wa sentensi na subira ya kuifuata hadithi ndefu. Kazi inayobaki kwa jicho ni kuvitambua vitu hivyo vinapokuja kwa maandishi.

Nikianza na vya kusoma, siwezi kuanzia mbali na nyumbani. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapa Tanga, akafariki mwaka 1962 na kuzikwa Machui, mahali ambapo kijana wa mitaa yetu ya Ngamiani au Makorora anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hata hivyo vijana wengi hukutana naye kwa mara ya kwanza katika maswali ya mtihani, wakamwogopa. Mimi huwapa kwanza Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Ndani yake yumo liwali mwema ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili, na mjumbe wa mfalme anayeligundua jambo hilo hapati usingizi mpaka aijue sababu. Msomaji wa miaka 12 naye hataipata raha mpaka aijue. Lugha yake ina maneno mazito hapa na pale, lakini sentensi zimepimwa kwa sikio la mshairi, na kitabu ni chembamba kiasi cha kumalizika kwa siku chache za likizo.

Kusadikika, cha mwaka 1951, nakiweka kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Mshtakiwa anayeitwa Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, kila mmoja akarudi na habari za manufaa na kulipwa kifungo. Wanaokiona kigumu mara nyingi wamejaribu kukisoma kwa mkupuo mmoja. Kisomwe kwa sauti nyumbani, mjumbe mmoja kwa jioni moja, kama kesi yenyewe inavyosikilizwa, na ugumu wake mwingi utaondoka. Kwa wasichana wanaopenda muziki, na kwa wavulana pia, natoa Wasifu wa Siti binti Saad, ambao Shaaban Robert aliandika juu ya binti wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu, akawa mwimbaji wa taarabu aliyesafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Kitabu hiki kina bahati ambayo vitabu vichache vinayo: mtu anayesimuliwa anasikika. Rekodi zake za zamani zinapatikana mtandaoni, zikiwa na mikwaruzo yake, na kijana akizisikiliza baada ya sura mbili tatu huanza kusoma kwa makini zaidi.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote kwa vijana wa mji huu, na hapa nakiri upendeleo wangu wazi, ni Siku Njema cha Ken Walibora, Mkenya aliyefariki mwaka 2020. Kilichapishwa mwaka 1996, nacho kimesomwa sana Kenya, lakini hadithi yake inaanzia hapahapa Tanga. Kongowea Mswahili ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu; mama anafariki, na kijana anaondoka kumtafuta baba yake nchini Kenya. Katika mji uliotoa vikundi vya taarabu kama Black Star na Lucky Star, mama huyo haelezwi, anatambulika. Kiswahili cha Walibora kimejaa misemo, na yapo maeneo ambapo misemo hiyo inakaribia kuzidi. Lakini kijana anayemfuata Kongowea mpaka mpakani hachoki, na insha zake za shule hubadilika bila kufundishwa. Sijapata kitabu kingine kinachowafanya wavulana wa kidato cha pili wakae kimya kiasi hicho.

Kwa wanaotaka mafumbo, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, bado hakijazeeka. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, anavuta kiko chake, anauliza maswali yanayoonekana hayana maana, na msomaji anabaki nyuma yake hatua moja mpaka mwisho. Mazungumzo yake ya Kiunguja yanapendeza mno yakisomwa na watu wawili au watatu waliogawana wahusika. Kwa wa kidato cha tano na sita ipo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara kufidia deni la baba yake. Mhusika ni mtoto, lakini kitabu kina mambo ya watu wazima, na mzazi akisome kwanza. Mtafsiri huyohuyo alitupatia Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu mwaka 2015, nacho nawapa hata wa darasa la sita wanaopenda vichekesho vya maneno.

Wadogo zaidi wanahitaji vitabu vifupi na vingi, na hapo gharama huwakwaza wazazi. Visa vya Abunuwasi na vya Sungura havijashindwa bado. Zaidi ya hivyo, mradi wa African Storybook ulioanzishwa Afrika Kusini unatoa mtandaoni hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, bila malipo. Zinasomeka kwenye simu, zinaweza kuchapwa kwenye karatasi, na leseni zake zinaruhusu mtu kuzisoma na kuzirekodi kwa sauti mradi awataje waliozitunga. Ubora wake haulingani. Nyingine zina tafsiri isiyo na ladha, kwa hiyo kipimo cha kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti kitumike hapo pia.

Sasa niingie kwenye vitabu vya sauti vyenyewe. Soko la vitabu vya sauti vya Kiswahili bado ni dogo, na kinachozunguka zaidi kwenye YouTube na WhatsApp ni simulizi zinazosomwa haraka, muziki ukiwa juu ya sauti ya msimulizi. Nyingi hazikutungwa kwa ajili ya watoto, hata kama picha ya nje ni ya katuni. Mzazi asikilize dakika kumi za mwanzo na dakika kumi za katikati kabla ya kumwachia mtoto simu. Ninachotafuta kwa msimulizi ni mambo machache: atamke irabu zote mpaka mwisho wa neno, aache nafasi kati ya aya, awatofautishe wahusika kwa mwendo na uzito wa sauti, si kwa kubana pua au kupiga kelele, na asimwambie msikilizaji kwa sauti yake kwamba hapa ni pa kuhuzunika. Msimulizi anayelia kabla ya mhusika kulia humnyang'anya mtoto kazi yake. Muziki uwe mwanzoni na mwishoni mwa sura, ukinyamaza katikati.

Kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia sekondari na ndicho kinachowakwamisha wengi wanapotoka darasa la saba, hazina ni kubwa. LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, ina maelfu ya vitabu vya zamani vilivyosomwa na watu wanaojitolea, na vyote vinapakuliwa bure. Hapa nina pendekezo ambalo nimeliona likifanya kazi vizuri. Treasure Island ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1883 na King Solomon's Mines ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885 zote zimo humo, na zote zilitafsiriwa kwa Kiswahili enzi za Waingereza kwa majina ya Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kijana wa kidato cha kwanza asome sura moja kwa Kiswahili, kisha aisikilize sura hiyohiyo kwa Kiingereza, kitabu kikiwa mkononi kama kinapatikana. Anajua tayari nani anakuja, kwa hiyo sikio lake linakuwa huru kuikamata lugha. Katika Treasure Island, kipofu anayegonga fimbo yake barabarani huogopesha zaidi akisikika kuliko akisomwa. Kuhusu Haggard lazima niseme kwamba macho yake juu ya Waafrika ni macho ya mkoloni, na kijana hastahili kuachwa peke yake nayo. Kisomwe kukiwa na mtu mzima wa kujadiliana naye, au kiachwe, kwa sababu Stevenson peke yake anatosha.

Wasomaji wa LibriVox hawalingani, na baadhi ya vitabu vimerekodiwa na zaidi ya mtu mmoja, hivyo ni vyema kusikiliza sampuli za kila mmoja kabla ya kupakua. Kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde kinatosha kabisa kwa sauti ya mtu anayesoma, nacho huchukua megabaiti zipatazo 29 kwa saa. Kitabu cha saa saba hakizidi sana megabaiti 200. Kinaweza kupakuliwa mara moja penye mtandao wa bei nafuu, kikawekwa kwenye memori kadi, na kusikilizwa kwenye simu ya kawaida au spika ndogo nyumbani bila bando. Mtoto aanze na dakika 15 kwa siku, si zaidi, na simu iwekwe mbali naye ili mkono usiende kwenye mambo mengine.

Kwa kuwa vya Kiswahili ni haba, nawahimiza walimu, dada na kaka wakubwa, na bibi zetu wenye sauti zao tamu, warekodi wenyewe zile hadithi zenye leseni huru. Simu inatosha. Chumba kiwe na godoro, mapazia na nguo zinazoning'inia, kwa sababu kuta tupu hurudisha mwangwi, feni izimwe, simu ishikwe umbali wa shubiri moja na kuelekezwa kidogo pembeni ya mdomo, ili pumzi ya p na b isipige moja kwa moja. Faili moja isizidi dakika kumi, na kila faili ianze kwa jina la hadithi, la mtunzi na la mchoraji. Ukikosea, nyamaza kidogo, rudia sentensi nzima, na uyakate makosa baadaye.

Vitabu vya dukani ni jambo tofauti: kumsomea mwanao au darasa lako hakumdhuru mtu, lakini kurekodi kitabu kizima na kukisambaza kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, na mwandishi wetu anayeuza nakala chache hastahili kunyang'anywa hata hizo. Kwa wasioona na wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania imejiunga nao, ulikusudiwa kufungua njia ya kutengeneza nakala wanazoweza kuzitumia. Shule yenye wanafunzi wa aina hiyo ianze kwa kuzungumza na maktaba ya mkoa na mchapishaji, ikitaja jina la kitabu, toleo lake na darasa linalokihitaji, na ifanye hivyo mapema kabla ya muhula kuanza, kwa sababu kurekodi kitabu kizima vizuri ni kazi ya majuma kadhaa.