Alex hatumwoni uso: kuirudia The Big Chill

Kazi yangu ni kuhariri video hapa Dodoma, harusi nyingi na tamthilia chache za vijana. Kila anayeniletea hadithi ya marafiki wanaokutana baada ya miaka, mimi humwonyesha kwanza The Big Chill, filamu ya Lawrence Kasdan ya mwaka 1983. Nimeirudia tena wiki hii, na bado inanifundisha.

Waliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Michigan wanakutana kumzika mwenzao Alex, aliyejiua, kisha wanabaki pamoja siku chache kwenye nyumba moja South Carolina, Marekani. Tazama mwanzo wake. Mwanamume anavalishwa nguo, moja baada ya nyingine, huku Marvin Gaye akiimba. Unadhani anajiandaa kwenda mtoko. Katikati tunawaona marafiki wakipata habari, kila mmoja kwake. Halafu mkono wa shati unavutwa, unafunika kifundo cha mkono kilichoshonwa nyuzi. Mhariri Carol Littleton ameshatuambia kila kitu.

Maiti ile, yaani Alex, ni mwigizaji Kevin Costner. Palirekodiwa pia kumbukumbu za enzi za chuo, Alex akiwa hai pamoja na wenzake, na Kasdan akaziondoa zote. Vijana wakisikia hivyo husikitika: gharama yote ile! Mimi naamini ndio uamuzi uliojenga filamu. Kwa kuwa uso wake hatuuoni, kila rafiki anabaki na Alex wake, na wanapobishana hatuna pa kwenda kuhakikisha nani mkweli. (Baadaye Kasdan alimpa Costner nafasi nzuri katika filamu yake Silverado, 1985.)

Na kicheko cha filamu hii tunakijua kutoka misibani kwetu: chini ya turubai karata zinachezwa, mtu anasimulia vituko vya marehemu, na aliyekuwa analia anajikuta anacheka. Kwenye filamu, kanisani, Karen, mmoja wa marafiki hao, anapiga kwenye kinanda wimbo aliopenda Alex. Ni wa Rolling Stones, bendi ya roki. Hakuna anayetamka kichekesho. Kamera inakwenda kwa wanaosikiliza, mmoja baada ya mwingine, nyuso zikianza kulegea. Tamthilia zetu nyingi hung'ang'ania uso wa anayeongea, na hapo ndipo kicheko kinapofia.

Kwa hiyo, mkiwa na kipande cha marehemu akiwa hai, kiharirini mpaka kikamilike, kisha itazameni filamu nzima bila hicho kipande kabla hamjaamua. Na mkirekodi, acheni kamera moja kwa wasikilizaji muda wote.