Mfarishi wa kulalia: viraka vya khanga kutoka kipupwe hadi kaskazi

Picha za mifarishi ya Marekani na Uingereza, zile nguo za viraka zenye tabaka zilizoshonwa pamoja, zimejaa kwenye simu zetu siku hizi, na kila anayeniletea moja akitaka nimfundishe namuuliza kwanza: wewe utajifunika au utaulalia? Kule mfarishi ni wa kujifunika. Baridi inamfuata mtu hadi kitandani, kwa hiyo katikati huwekwa pamba nene, na unene ukiwa juu ya mwili haumsumbui mtu. Huku Pemba, anayetaka kujifunika pamba mwezi wa pili ana lake. Sisi tunatandika: juu ya mkeka, juu ya kitanda cha kamba, chini ya mtoto mchanga, ukumbini mchana mzee anapojinyoosha. Nguo ikishakuwa chini ya mwili, ushonaji wake wote unabadilika.

Anza na mishono. Ukilalia mshono ulioumuka utausikia ubavuni usiku kucha. Mimi nikishaunga vipande viwili, upande wa nyuma napunguza ukingo mmoja kwa mkasi ubaki mfinyu, kisha ule mpana naulaza juu yake na kuupitishia bandi, yaani mishono ya mkono inayopanda na kushuka kwa mstari. Mshono unalala chapati, na mbele unaonekana mstari mmoja tu wa uzi. Na hapa ndipo ninapobishana na wapenda rula. Viraka vilivyokatwa sawa kwa sawa, pembe zake zote hukutana nukta moja. Ukihesabu kingo zilizorundikana pale utapata tabaka nane za kitambaa, na tabaka nane chini ya bega si mchezo. Viraka vya kukata kwa jicho havikutani. Mshono huu unaishia katikati ya kiraka kile, unene unatawanyika, na mgongo unashukuru. Wengi wanadhani kukata bila kupima ni uvivu au ni mtindo wa wasanii. Kwa mfarishi wa kulalia ni njia iliyo bora, basi.

Halafu jasho. Tabaka zote ziwe pamba tupu. Madukani sasa zipo khanga nyingi zenye poliesta ndani, laini na zinang'aa, na muuzaji atakuapia kwamba ni pamba. Usibishane naye. Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, ziwashe kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu linalovunjika ukiligusa, poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Penye kipunje, hiyo khanga ivae, usiilalie.

Katikati sitii pamba wala sponji. Natia khanga kuukuu au shuka lililolainika, basi. Kila mara kuna mtu huuliza kuhusu sufi, maana msufi upo kiamboni na mito yetu tumeijaza sufi tangu zamani. Sufi ibaki kwenye mito. Nyuzi zake zinateleza, hazishikani, hata ukipiga bandi karibukaribu zinahama na kujikusanya pembeni. Na mto haufuliwi kila wiki. Tandiko la mtoto linafuliwa.

Sasa khanga yenyewe. Khanga kuukuu haichakai sawasawa, na hili ndilo linaloamua viraka vyangu vitakuwa na umbo gani. Ishike dirishani utazame mwanga unavyopita. Mahali palipokaliwa miaka yote, kwenye mji, ule uwanja wa katikati, patakuwa pembamba hata unaona vidole vyako upande wa pili. Palipofungwa kiunoni pana mikunjo iliyokwisha nguvu. Pindo kwa kawaida liko imara, hasa lile la juu. Basi nakata kufuata uzima wa kitambaa: mapindo yanatoka vipande virefu, mji unatoka vipande vya kila namna, vingine pembe tatu, vingine havina jina, na pale palipochoka sana naenda napo katikati, kwenye tabaka isiyoonekana. Hakuna kinachotupwa. Ukikaa na doti mbili tatu za namna hii utakuta nguo imekwisha kukupa mpango kabla hujauwaza.

Nalo si jambo geni. Inasimuliwa kwamba khanga yenyewe ilianzia kwenye viraka: karne ya 19 wanawake wa mwambao na visiwani walinunua leso zilizochapwa mfululizo kwenye jora, wakakata sita, wakazigawa tatu tatu na kuziunga ubavu kwa ubavu wapate nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuchapa nguo nzima isiyo na mshono katikati.

Majina ya khanga, yale maneno yaliyochapwa juu yake, ni kesi peke yake. Bi mkubwa mmoja wa Wete aliniletea furushi akaniambia, "Mwanangu, kata utakavyo, lakini majina usiyaguse, hizi kanipa marehemu." Majina yake niliyapanga yote upande wa chini, mazima, safu kwa safu, juu vikabaki viraka vitupu. Na wapo wanaotaka kinyume chake kabisa. Ukiona mtu anasisitiza jina likatwe vipande vipande mpaka lisisomeke, usimuulize sana. Pengine khanga ilinunuliwa kwa ajili ya mke mwenza, na ugomvi wenyewe umekwisha. Mimi nikiachiwa uhuru nakata katikati ya maneno. Herufi nyeusi zikikaa upande, juu chini, zina nguvu ya ajabu kwenye mfarishi, na mgeni hukaa anajaribu kuzisoma.

Njia ninayoipenda kuliko zote ya kupanga viraka iko kwa wazao wa watu waliotoka Afrika wakapelekwa mbali. Huko Karnataka, India, kuna jamii ya Wasiddi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, wengi wao wakiwa watumwa wa Wareno wa Goa. Wanawake wao wanashona mfarishi uitwao kawandi. Hawaungi viraka kwanza halafu wakatafuta nguo ya chini. Wanatandaza nguo ya chini, aghalabu sari kuukuu, wanakunja ukingo wake, wanaweka kiraka kwenye pembe na kuanza kupiga bandi papo hapo. Wanafuata ukingo, wakifika pembe wanageuka, wanaongeza kiraka juu ya ukingo wa kiraka kilichotangulia, na bandi inazunguka na kuzunguka ikielekea ndani mpaka ikutane katikati. Kuunga, kufunika na kudarizi vyote vinakwenda pamoja. Mwishoni kila pembe hushonewa kitambaa kidogo kilichokunjwa pembe tatu, phula, na bila hizo phula kazi haihesabiwi kuwa imekwisha.

Kwa nini naipendelea? Haitaki meza, haitaki fremu, wala haitaki chumba kikubwa. Unakaa mkekani, mguu umeunyoosha, sehemu unayoishona iko pajani na iliyobaki imelala chini. Ukiitwa jikoni unachomeka sindano unaondoka. Na kiraka cha pili kinachaguliwa ukishakiona cha kwanza kimekaa vipi. Huwezi kupanga yote mapema hata ukitaka. Jihadhari na kitu kimoja tu. Kwa kuwa unatoka nje kwenda ndani, ukivuta uzi nguo ya chini itaumuka katikati na hutakuwa na pa kuusukuma ule ulegevu. Kila unapomaliza mzunguko mmoja tandaza chini, pitisha kiganja kutoka ukingoni hadi katikati. Mkono ukikutana na kituta, legeza uzi sasa hivi, usisubiri.

Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, wao huunga uso wa juu kwanza. Mifarishi yao ya nguo za kazi zilizochakaa ilioneshwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston mwaka 2002, na mwaka 2006 ikatiwa kwenye stempu za posta za Marekani. Itazame kwa ajili ya rangi na ujasiri. Unene wake uwaachie wenyewe, nyumba zao zilikuwa na baridi.

Bandi sasa, maana hapo ndipo mfarishi unaposhikana. Uzi uwe wa pamba, mmoja, usiukunje mara mbili, urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko na kidogo zaidi. Mrefu kuliko hapo unajisokota na kulika. Upitishe mara moja juu ya nta ya nyuki, utateleza. Fundo liwe dogo. Ingiza sindano tabaka ya juu tu, inchi moja mbali na unapoanzia, itokeze kwenye mstari, kisha vuta taratibu mpaka usikie kafundo kamepenya na kuzama ndani. Kasauti kake ni "tp". Ukivuta kwa hasira litatokeza upande wa pili na kiraka kimetoboka. Subana, kile kikofia cha kukinga kidole, iko kidole cha kati cha mkono wa sindano, na mkono wa pili uko chini ya nguo ukiipokea ncha: ikigusa tu ngozi, igeuze ipande. Jaza mishono mitatu minne kwenye sindano ndipo uvute. Mistari isiachane zaidi ya upana wa kidole, kwa sababu mtu anayejigeuza kitandani anakwangua nguo kila usiku na mistari iliyoachana mno itakatika. Waliozoea kushona kofia za mkono huipata bandi hii upesi kuliko mafundi cherehani. Mkono uliokwisha kuzungushia uzi vitundu vya kofia, siku nenda siku rudi, hauna haraka.

Kazi hii nimeifunga na pepo, si na kalenda ya ukutani. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, kusi inavuma, hewa imekauka, usiku joto linashuka hadi nyuzi 22 hivi: huu ndio wakati wa mfarishi mkubwa, maana nguo nzito pajani haikuchomi. Ubaya wake upepo. Ukipanga viraka barazani, ukigeuka kuchukua mkasi kimoja kiko kwa jirani. Mimi hutungika blanketi ukutani, ndani, nabandika viraka juu yake kwa pini, nakaa mbali navitazama hata siku mbili.

Karafuu zikiiva, sindano hupumzika. Mchana watu wako shambani, jioni ni kuchambua, na kiwanja kizima kimetandikwa majamvi. Jua lenyewe linagombaniwa. Anika mfarishi pa kuanikia karafuu uone utakavyosemwa. Na mkono uliotoka kwenye karafuu usishike kitambaa cheupe.

Vuli ni ya kukusanya na kufua, mvua ikikatika. Hapo ndipo najaribu rangi, hasa kisutu, ile khanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wekundu wake ni mzuri na ni mchokozi. Roweka peke yake, badilisha maji mpaka yawe meupe, kisha weka khanga ingali mbichi juu ya kitambaa cheupe ukandamize usiku kucha. Kitambaa kikipata wekundu, rudia. Shoga zangu wanaapa kwa chumvi. Chumvi haizuii rangi ya viwandani isichuje, maji mengi ndiyo yanayoimaliza. Ikigoma kabisa, kisutu hicho kikae na weusi wenzake, mbali na meupe.

Kaskazi, Desemba hadi Februari, nashona vipande vidogo vya kushika mkononi tu. Kiganja kinatoka jasho, sindano inanata na kushika kutu. Zangu zinakaa kwenye kichupa kikavu chenye poda ya mtoto. Jua la Januari linaua ukungu na linaua rangi vilevile, kwa hiyo mfarishi unaanikwa uso chini, saa moja mbili, unatolewa.

Masika ndiyo mtihani. Unyevu unaingia hadi ndani ya kasha, na vidoa vyeusi vya ukungu vikishaingia kwenye pamba havitoki. Khanga mpya ndiyo huliwa mwanzo, kwa sababu ya ile wanga ya kiwandani inayoifanya iwe ngumu. Ifue kabla ya Machi hata kama huna haja nayo bado. Mfarishi uliokunjwa ukunjue kila wiki, uukunje upya mahali pengine. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ndani ya mfuko wa kitambaa yanatia harufu nzuri, ila yasigusane na nguo, mafuta yake yanaacha doa. Mwanga nao ni haba, umeme una yake, kwa hiyo siku hizo nashona vitambaa vya rangi nyeupe na manjano tu, karibu na mlango. Kaniki na weusi wa kisutu vinangoja mvua iishe.

Anayetaka kuanza asianze na kitanda kizima. Chukua khanga moja nzima iwe nguo ya chini, ikunje mara mbili upate ukubwa wa tandiko la mtoto, pembe ya kwanza weka kiraka cha pindo kwa sababu hakinyooki ovyo, na tumia uzi mweupe juu ya kila rangi ili uione bandi yako inavyokwenda. Ukifika katikati kutabaki tundu lisilolingana na kiraka chochote ulichonacho. Kata kipya, kikubwa kuliko tundu, kunja kingo zake zote nne, kishikize, upige bandi mpaka mwisho.