Kasamehewa lipi? Swali la ami pale Mkunguni

Juzi baada ya alasiri nimekaa zangu Mkunguni hapa Lamu, mbele ya ngome, kikombe cha kahawa mkononi, ami mmoja wa barazani akanigeukia: "Mwanangu, wewe si ndiye wakili? Yule daktari wa Marekani kasamehewa lipi, na mashtaka hana?" Alikuwa amsema Fauci, yule daktari wa serikali wakati wa korona, aliyesamehewa na Rais Biden. Nikaanza kumjibu, nusu njia nikaona swali lake lina meno kuliko jibu langu, ndio nikaja kuandika hapa.

Sheria yao yenyewe si ngumu. Tangu miaka ya 1860, katika kesi ya Garland, mahakama yao ya juu ilisema rais aweza kusamehe wakati wowote kosa likishatendwa, hata kabla mtu hajashtakiwa. Rais Ford akamsamehe Nixon, rais aliyemtangulia, Septemba 1974, hajasimama kizimbani hata siku moja. Na Biden siku yake ya mwisho, 20 Januari 2025, akawasamehe Fauci, jenerali Milley aliyekuwa mkuu wa majeshi, wabunge na wafanyakazi wa ile kamati iliyochunguza uvamizi wa bunge lao wa Januari 6, 2021, na polisi waliotoa ushahidi kwake. Hakusema wamekosa, alisema wazi msamaha usichukuliwe kama kukiri kosa, anachohofia ni kesi za kisasi.

Kwetu Kenya jambo hilo halipo. Kifungu cha 133 cha Katiba chasema msamaha wa rais ni wa mtu aliyekwisha kupatikana na hatia, uombwe, na upite kwanza kwa kamati ya ushauri. Nilipomwambia hivyo ami akatabasamu, kaona hapo tumewashinda Wamarekani. Mimi sikutabasamu sana, na sababu ni mteja wangu mmoja.

Alikuwa afisa wa manunuzi ofisi fulani ya umma, akakataa kutia saini malipo aliyoona hayaeleweki, wakubwa wakabadilika, mara yuko kizimbani. Basi kila kesi ikitajwa ni boti ya alfajiri hadi Mokowe, basi hadi Malindi, alala kwa shemejiye, asubuhi aambiwa shahidi hakuja chukua tarehe nyingine. Faili zake alizibeba kwenye mfuko wa naironi ule wa mistari, zipu ishakufa, kaufunga kwa kamba ya kuvulia. Akauza mashua ya babake. Mwisho upande wa mashtaka ukaiondoa kesi kwa kile kifungu 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, watu wakampa mkono wa hongera, na mimi ndio nikabaki na kazi ya kumwambia kwamba 87(a) haikufungii mlango, wakitaka wanakushtaki tena kwa lilelile. Alinyamaza kitambo. Mtu kama yule ungempa karatasi ya msamaha angeipokea kwa mikono miwili, kosa hana lakini usingizi pia hana.

Kwa hivyo mimi siwacheki waliopokea. Wapo waliosema mapema hawautaki, kina Schiff na Kinzinger wa ile kamati, nao nawaelewa, manake 1915 mahakama ileile, kwenye kesi ya mhariri mmoja aitwaye Burdick aliyekataa msamaha wa rais, ilisema ana haki ya kuukataa kwa kuwa kuupokea kuna harufu ya kukiri.

Shida yangu ni kwamba karatasi hio haina macho. Siku ileile Biden alitangaza kuwasamehe ndugu zake wa tumbo moja, dakika za mwisho kabisa, na hapo mimi nashuka kwenye gari. Na Trump naye hakungoja kukuche, akawasamehe watu kama 1,500 wa huohuo uvamizi.

Halafu kuna jambo ambalo sisi watu wa Lamu hatufai kulisahau. Mwaka 1970 bunge letu lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali na askari wasishtakiwe kwa waliyoyafanya wakati wa vita vya Shifta, kuanzia 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967, huko Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River, na Lamu. Sasa huo si msamaha wa mapema kwa jina jingine? Hakuna aliyetajwa, hakuna aliyeulizwa alifanya nini na kwa nani, wote chini ya mwavuli mmoja, mwema na katili. Afrika Kusini, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi, angalau walimtaka kila mtu aombe msamaha mwenyewe, tendo lake alitaje lote mbele ya watu, wakaomba zaidi ya 7,000 wakapewa 849. Ikibidi kumkinga mtu na kisasi mimi nataka mtindo unaokaribia huo, tendo litajwe na ushahidi uwekwe wazi, si miaka kumi na moja yote iliyoandikwa kwa jumla jumla kama ya Fauci.

Ami alikuwa mtoto walipohama bara wakaacha shamba, miaka hiyohiyo ya Shifta. Nilipofika kwenye hio ya 1970 aliweka kikombe chini. "Na sisi hatukuulizwa?" Nikamwambia hamkuulizwa, ami. Akataka nimpigie kopi ya hio sheria, herufi kubwa, manake miwani yake ina kioo kimoja. Kesho nampelekea.