Imatinibu, DMSO na unyevu wa Mtwara

Wanafunzi wanaopewa kwa mara ya kwanza dawa za kuzuia kinase (vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini) wazijaribu kwenye seli huja na maneno waliyorithi kwa waliowatangulia. Mengine hayana kichwa wala miguu.

Baya kuliko yote ni "miligramu ni miligramu." Chukua imatinibu, mojawapo ya dawa hizo, ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ikiwa tupu, moli moja ina gramu 493.6, ikiwa chumvi ya mesilati, 589.7. Ukitaka mililita moja ya mmumunyo wa milimola 10 kwa lita, ile tupu unapima miligramu 4.94, ya mesilati 5.90. Ukipima mesilati kwa hesabu ya ile tupu, dawa yako imepungua kwa asilimia 16 kabla hujagusa seli. Ubaya wake ni kwamba grafu itatoka safi, wala hakuna atakayeshtuka. Soma kibandiko cha chupa uliyoishika, usinakili hesabu za mwenzako.

"DMSO imeganda, basi imeharibika." La hasha. DMSO, kiyeyusho tunachoyeyushia dawa hizi, huganda chini ya nyuzi 18.5, na kwa joto letu la Mtwara ukiikuta imeganda mezani, muulize aliyeacha AC ikiwaka usiku kucha. Iache iyeyuke, itikise, endelea. Adui hapa pwani ni unyevu: DMSO hunyonya maji ya hewani, na wakati wa masika hewa imejaa maji. Kichupa cha dawa iliyoyeyushwa kikitoka kwenye friza, usikifungue mpaka kifikie joto la chumba, la sivyo umande utaingia. Na ugawe dawa kwenye vichupa vya kutumia mara moja. Umeme ukikatika vitayeyuka, lakini angalau wewe mwenyewe huna mazoea ya kuyeyusha na kugandisha kichupa kile kile.

Wapo pia wanaoacha seli za kulinganishia bila chochote, eti DMSO ni kidogo. Zipe kiasi kile kile. Wengi hawavuki asilimia 0.1, yaani milimola 10 izimuliwe mara 1,000 kupata mikromola 10. Dozi za chini zipunguzie ndani ya DMSO kwanza, ndipo kila kishimo cha sahani ya seli kipate ujazo uleule.

Kuchuja dawa iliyo kwenye DMSO ili kuondoa vijidudu? Hapana. Kichujio cha selulosi asetati huliwa na DMSO, na vijidudu havistawi ndani ya DMSO.

Mwisho, "ikishayeyuka kwenye DMSO, imeyeyuka." Itone kwenye midia (maji ya kukuzia seli) ya baridi uone. Ukungu ukitokea, au vijisindano chini ya hadubini, dozi uliyoandika daftarini siyo iliyozifikia seli. Mwaga, pasha midia hadi nyuzi 37, anza upya.