Je, wajua kwa nini vinundu vidogo mno vya madini ya fedha hukuza ishara ya Raman?

Leza ikimulika molekuli, karibu fotoni zote hurudi na rangi ileile. Takriban moja tu kati ya milioni kumi hubadilika rangi, na badiliko hilo, liitwalo ishara ya Raman, ndilo linalotambulisha molekuli. Ishara ni hafifu mno kwa sampuli ndogo.

Mwaka 1974, wanakemia Fleischmann, Hendra na McQuillan wa Southampton, Uingereza, waliparuza elektrodi ya fedha kwa umeme, wakapata ishara kali ya kemikali iitwayo piridini. Walidhani uso ulioparuzwa umebeba molekuli nyingi zaidi, basi. Mwaka 1977, watafiti Jeanmaire na Van Duyne, na kando yao Albrecht na Creighton, walionyesha kuwa ukubwa wa eneo hautoshi kueleza ongezeko la mara laki moja au zaidi.

Siri imo katika elektroni huru za chuma. Mwanga wenye mdundo unaolingana na wa elektroni hizo huzipeleka mbele na nyuma kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake, na uga wa umeme hujikusanya kwenye ncha na nyufa za vinundu. Uga huo hukuza mwanga unaoingia, kisha ule unaotoka. Ukizidi mara 10, ishara huzidi kama mara 10,000. Nyufa za nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache ndizo zenye nguvu kuliko zote.

Njia nafuu ya kutengeneza uso wenye vinundu hivi ni vitufe vya polistirini, aina ya plastiki. Safisha kioo hadi maji yatandae bila kufanya matone. Kikiwa na mafuta, vitufe hurundikana. Dondosha majimaji ya vitufe, yaache yakauke polepole ili vijipange, kisha vukiza fedha juu yake ndani ya ombwe, unene wa nanomita 200 hivi. Kwa leza ya nanomita 785, vitufe vya karibu nanomita 600 hufaa.

Dhahabu hudumu kuliko fedha, ila kwa leza ya kijani haifai, kwani yenyewe hufyonza mwanga huo. Fedha nayo hupata kutu ya salfa hewani: itumie ingali mpya. Molekuli lazima iguse chuma au iwe nanomita chache tu kutoka hapo, la sivyo hakuna kitu. Ukiona kwenye grafu ya ishara vilima viwili vipana karibu na 1350 na 1580 kwa sentimita (kipimo cha badiliko la rangi), huenda leza imeunguza sampuli ikawa kaboni. Punguza nguvu, uhamie sehemu nyingine ya uso.