Fimbo msimnyang'anye

Wiki hii tena kijana kaniletea papa yake hapa atelie, karakana yangu, mzee haoni kabisa, na fimbo wameiacha nyumbani. "Fimbo ya nini tena? Si atavaa mukanda." Jamani. Mkanda ninaoutengeneza, ule unaotetemeka kiunoni kitu kikiwa mbele, haufanyi kazi ya fimbo, nimesema mpaka koo imekauka.

Kapteri, kifaa cha kuhisi, ninayofunga pale mbele ya mkanda ni ya ultrasoni: inatoa sauti ya 40 kHz, sikio la mtu linaishia kama 20 hivi kwa hiyo husikii kitu, sauti inagonga inarudi, unachukua muda, mara mita 343 kwa sekunde, gawa kwa mbili, huo ndo umbali, kitu kikiwa karibu moteri inatetemeka kiunoni. Basi.

Sasa hiyo kapteri inatazama mbele. Chini haitazami! Na Goma hatari nyingi ziko chini, kanivo, mitaro ya maji, hazina mfuniko, mawe ya lava ya volkano ya 2002 bado yanachomoza njiani, halafu mtu anajenga ngazi ya duka mpaka barabarani. Kwa mkanda shimo ni njia nyeupe tu, hakuna kilichosimama mbele. Anayejua shimo ni fimbo ndefu, ile inayofika mfupa wa kifua, inaligusa kabla ya mguu. Fimbo nayo ina pa kushindwa: chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma mizigo, imepakia mbao ndefu, fimbo inapita chini yake, mbao inamkuta mzee kifuani. Hapo ndo nauhitaji mkanda, hapo hasa.

Na hii ya "mkanda unaona mita 4" inanichosha kweli, juu watu wanasoma karatasi ya kapteri wanadhani ni ahadi. Bati laini likikaa mshazari linatupa sauti pembeni, uko karibu kabisa na mkanda umenyamaza! Ukuta wa mawe ya lava ndo unaonekana vizuri, kwa sababu wimbi la 40 kHz lina urefu wa milimita 8 na kitu, na jiwe lenye matuta makubwa kuliko hapo linatawanya sauti kila upande, kidogo lazima kikurudie. Nguo nzito inameza. Pikipiki je? Kwa kilomita 30 kwa saa inakula mita 8 kila sekunde, mita 4 zako zimeisha kwa nusu sekunde, motari, dereva wake, amekufikia. Pale masikio ndo yanaokoa, ndo maana siweki spika hata mkiniomba, naweka moteri. Masikio yake myaache.

Kinachonisumbua mimi ni soko. Birere ikijaa moteri inatetemeka bila kupumzika, na mtu akizoea anaacha kuifuata. Nikishusha umbali wa kuona mpaka mita 1 inatulia, lakini kwenye lami hiyo mita inamchelewesha kusimama. Umbali mmoja unaofaa kote sijaupata na sidhani upo. Nimeweka kibonye achague mwenyewe, na wengi wakiingia sokoni wanazima kabisa, wanaenda na fimbo.