Bunduki Marekani hazina kadi ya chama

Wengi wetu tunaofuatilia siasa za Marekani tumekariri hivi: Mrepublican ana bunduki, Mdemokrati anataka kumnyang'anya. Si kweli hivyo.

Utafiti wa 2023 wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulikuta asilimia 45 ya wanaoegemea Republican wanamiliki bunduki. Upande wa Democratic ni asilimia 20, yaani mmoja kati ya watano, na hao ni mamilioni ya watu. Kamala Harris mwenyewe, aliyegombea urais kwa Democratic, alisema kwenye mdahalo wa 2024 kwamba yeye na mgombea mwenza wake, Tim Walz, wana bunduki.

Historia ndiyo inayochekesha zaidi. Mwaka 1967, baada ya vijana weusi wa Black Panther, kundi la kutetea haki za weusi, kuanza kulinda mitaa yao mjini Oakland, California, wakiwa na silaha hadharani, jimbo hilo lilipiga marufuku kutembea hadharani na bunduki yenye risasi bila kibali. Gavana aliyetia saini? Ronald Reagan, Mrepublican. Na mwaka 2018 ni serikali ya Trump iliyopiga marufuku kifaa cha kuifanya bunduki ifyatue mfululizo, marufuku ambayo Mahakama ya Juu iliifuta 2024.

Tofauti ya vyama ipo, tena kubwa, ila inahusu zaidi sheria ziwe kali kiasi gani.